Leso, sahani na kopo la maziwa: historia ya mapambo ya mapenzi pwani yetu

Nilipotea kidogo, si mnajua tena, testi mbili na prezentesheni moja ndani ya wiki moja, mtu hata kula unasahau. Sasa nimerudi, na nimerudi na historia. Wale wa "mimi historia nililala tangu fomu tuu" msikimbie, leo mna mapenzi ndani yake.

Siku ya Wapendanao inakaribia na hapa chuoni dalili zote zimeshaonekana. Maduka ya nje ya geti yameanza kuning'iniza mioyo myekundu ya plastiki, maputo na maua ya kitambaa yaliyofungwa kwenye nailoni inayometameta. Bumu lenyewe likichelewa watu wanakopa, ilimradi tarehe 14 isiwaaibishe. Na mjadala wa kila mwaka umeshaanza vyumbani. Upande mmoja unasema hii siyo mila yetu, tumeiga. Upande wa pili unasema mapenzi hayana kabila, nunua ua acha kelele.

Mimi nina hoja ya tatu, na nitaitetea kwa historia kwa sababu ndilo somo langu la kufundishia. Hoja yenyewe hii hapa: pwani yetu, kuanzia Tanga na Pangani mpaka Unguja, Mombasa na Lamu, watu wamepamba sherehe na mapenzi yao kwa vitu vya nyumbani vilivyoletwa kwa kazi nyingine kabisa, au vilivyokwisha kumaliza kazi yake. Kitu chenyewe mara nyingi kilitoka mbali. Kilichokuwa chetu ni mkono uliokikata, ukakishona, ukakitoboa, ukakipa kazi mpya. Na mikono hiyo, mingi ni ya wanawake ambao hamtawakuta kwenye desa lolote.

Twende taratibu.

SAHANI ZA TONGONI

Ukitoka Tanga mjini kuelekea Pangani, kama kilomita 20 hivi, unafika Tongoni. Pale kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, ya karne ya 14 na 15. Darasani Tongoni ikitajwa basi atatajwa Vasco da Gama, kwamba Aprili 1498 meli yake moja, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya karibu na hapo, na Januari 1499 wakati wa kurudi wakaichoma moto maeneo hayohayo kwa kuwa mabaharia walikuwa wamebaki wachache. Sawa. Yeye alipita. Mimi nataka tuwaangalie waliokuwa wanaishi pale.

Baadhi ya yale makaburi yana nguzo za mawe, nyingi zimeanguka. Ukizisogelea kuta utaona vishimo vya duara vilivyochongwa vizuri. Mgeni anaweza kudhani ni matundu tu ya uzee. Kumbe ndimo zilimopachikwa bakuli na sahani za Kichina, zikashikwa kwa chokaa, zikawa pambo la kaburi. Nyingi ziling'olewa zamani. Mapambo ya aina hiyo yalikuwepo pia Kaole karibu na Bagamoyo, na Kunduchi, Dar es Salaam.

Hebu fikirieni. Bakuli limetengenezwa China kwa ajili ya chakula. Limebadilishana mikono masoko kadhaa ya Bahari ya Hindi, limeingia nyumba ya mtu wa Tongoni, na mwisho limekwenda kumpamba mtu wao aliyefariki. Sisemi lilikuwa takataka, hapana, lilikuwa mali ya watu wenye uwezo. Ninachosema ni kwamba lilitolewa kwenye kazi yake, likapewa kazi ya kusema "huyu tulimthamini".

Lamu nako ni hivyohivyo, ila huko ni kwa walio hai. Nyumba za mawe za karne ya 18 zina chumba cha ndani kabisa, chumba cha faragha cha wanawake na cha harusi, na ukuta wake una vijishubaka vingi vya plasta iliyochongwa. Vinaitwa zidaka. Humo zilipangwa sahani, bakuli na vitu vingine vya thamani. Kwa hiyo kupamba chumba kwa vyombo siyo jambo la kwenye televisheni. Wenzetu walianza zamani.

MERIKANI NA KADI ZA WORCESTER

Sasa tuhame kidogo, tutarudi. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Seyyid Said, aliyekuwa anatawala Muscat na Zanzibar. Meli nyingi zilizokuja zilitoka bandari ya Salem, jimbo la Massachusetts. Zilichukua pembe za ndovu na sandarusi, zikaleta nguo nyeupe ya pamba, nene, ya kudumu. Watu wa pwani wakaiita merikani, na jina likabaki. Misafara iliyoanzia Pangani na Bagamoyo iliibeba mpaka bara, na huko ilitumika kama fedha. Ikitiwa rangi ya buluu iliyokolea mpaka karibu na weusi, ikaitwa kaniki.

Miaka hiyohiyo, jimbo hilohilo la Massachusetts, mji wa Worcester, kulikuwa na dada mmoja anaitwa Esther Howland. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya kuandikia. Mwaka 1847, akiwa ndiyo kwanza amemaliza chuo (mwenzetu huyo), aliona kadi ya Valentine iliyotoka Uingereza, ya karatasi iliyotobolewatobolewa kama lesi na kubandikwa maua. Akasema mbona hii hata mimi naweza. Akaagiza karatasi, akawaita wasichana wenzake nyumbani kwao, akawapanga mezani: huyu anakata, huyu anabandika, huyu anaongeza utepe. Biashara ikawa kubwa, mpaka alipoiuza mwaka 1881.

Kwa nini nimewapeleka mpaka huko? Kwa sababu mbili. Kwanza, hata hiyo Valentine tunayoambiwa ni ya kununua tu, kabla ya viwanda kuikamata ilikuwa kazi ya mikono: mkasi, gundi na vipande. Pili, wakati wasichana wa Worcester wanakata karatasi iliyotoka Uingereza, wanawake wa pwani yetu nao walikuwa wanavaa nguo iliyotoka Massachusetts. Na haukupita muda mrefu nao wakashika mkasi.

LESO SITA

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, vilikata pamba. Merikani ikaadimika, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Kati ya zilizokuwa zinaingia ni vitambaa vya mraba vya rangi, vya kushika mkononi. Wareno waliviita lenço, sisi tukasema leso. Vilikuwa vinauzwa vikiwa bado vimeshikana kwenye jora, muuzaji anakukatia unavyotaka.

Hapo ndipo akina mama wa Unguja na Mombasa, nusu ya pili ya karne ya 19, wakafanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mikataba mingi tunayokariri. Walinunua leso sita kwa pamoja. Wakakata katikati, vitatu huku vitatu huku. Wakavishona ubavu kwa ubavu. Wakapata nguo moja pana yenye miraba sita, siyo leso tena, siyo merikani, siyo kaniki. Kitu kipya kabisa.

Wafanyabiashara nao siyo wajinga. Walipoona akina mama wanajisumbua kushona, wakaagiza nguo iliyochapwa moja kwa moja kwa upana ule. Hiyo ndiyo kanga, na mpaka leo Mombasa wanaiita leso. Kwa hiyo ukivaa kanga yenye pindo lake pande zote na mji wake katikati, kumbuka kwamba kabla kiwanda hakijaigusa kulikuwa na sindano ya mama mmoja sebuleni ambaye jina lake halikuandikwa.

NANI ALIKUWA ANAVAA NINI

Hapa ndipo panaponigusa mimi, na naomba msome polepole.

Pangani ya karne ya 19 tunaisoma kama bandari ya pembe na watumwa, na mahali vita vya Abushiri vilipoanzia mwaka 1888. Vilevile kulikuwa na mashamba ya miwa kando ya mto, na waliolima ni watumwa. Mwanahistoria Jonathon Glassman aliandika kitabu kizima kuhusu Pangani, kikatoka 1995, na jambo kubwa analoonyesha ni kwamba sherehe za mji, yaani harusi, ngoma na karamu, hazikuwa starehe tu. Zilikuwa uwanja wa kugombea nani ni mwenye mji na nani siyo. Mtumwa, mgeni kutoka bara na maskini walikuwa wanapigania kuingia kwenye sherehe, kwa sababu ukikubaliwa kwenye sherehe umekubaliwa kuwa mtu.

Na utaingiaje kwenye sherehe bila pambo? Mtumwa alitambulika kwa mavazi: merikani iliyochoka au kaniki, miguu mitupu, kichwa wazi. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, moja ya mambo ya kwanza waliyoyafanya wanawake waliokuwa watumwa ni kubadili mavazi. Laura Fair, mwanahistoria mwingine, amelieleza vizuri hili: waliiacha kaniki, wakavaa kanga za rangi, wakajifunika. Kwa huku bara, sheria ya kumaliza utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922 tu, wakati wa Waingereza. Mwaka 1922, jamani! Wako bibi zetu wakuu waliozaliwa kabla ya hapo.

Kwa hiyo mtu akiniambia mapambo ni mambo ya wanawake wasiokuwa na kazi, namuuliza: unajua ilikuwa na maana gani kwa mwanamke aliyezaliwa mtumwa kuchagua mwenyewe rangi ya nguo yake siku ya sikukuu? Ile ilikuwa siasa, bila jukwaa na bila kipaza sauti.

Halafu yakaja maandishi. Anayetajwa zaidi kwa kuanza kuchapa majina ya kanga, mwanzoni mwa karne ya 20, ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla. Ndiyo ile alama ya "Mali ya Abdulla". Kwanza majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Kuanzia hapo nguo ikaanza kuongea. Mume akitaka kumfurahisha mkewe Idi, anamletea doti yenye jina tamu. Mke akinuna naye anaijua kanga ya kuvaa. Kadi ya Valentine ukishaisoma unaiweka kwenye droo. Kanga inatembea sokoni, mtaa mzima unaisoma, hahaha.

Ila iko moja ambayo kwa kawaida haiandikwi kitu. Kisutu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, ya bibi harusi, mojawapo ya kanga za zamani kabisa. Nadhani ilikuwa haihitaji maneno. Ukiiona unajua kuna nini.

MAISHA YA KANGA BAADA YA SHEREHE

Bibi yangu anakaa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kwake hakuna kanga inayotupwa. Kanga mpya ni ya kutokea. Ikichuja ni ya nyumbani. Halafu mbeleko. Halafu ya kufutia mtoto. Halafu inasokotwa kata ya kubebea ndoo. Halafu tambara la jikoni, na mwisho dekio. Lakini katikati ya safari hiyo kuna kituo ambacho watu hawakihesabu: pambo. Kila harusi ya nyumbani kwetu nimeona pindo za kanga zilizochanika katikati lakini bado zina rangi, zinakatwa, zinashonwa pamoja, zinakuwa foronya, pazia la mlango wa bibi harusi, au kitambaa cha kufunikia sinia la zawadi.

Na asumini je? Zinachumwa jioni zikiwa bado vichuba. Zinatungwa kwa sindano kimoja kimoja, zinakuwa koja la shingoni, au zinafungwa pamoja na mrehani kuwa kikuba cha kupachika kifuani, nyingine zinamwagwa kitandani. Uzi bibi hanunui, anafumua kwenye kiroba cha mchele. Chetezo chake cha udi cha udongo kilivunjika zamani, anatumia kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa msumari. Na hakulitoboa hovyohovyo. Matundu yamepangwa mwezi na nyota, ukiweka kaa la moto ndani usiku, mwezi na nyota vinatokea ukutani.

Likizo iliyopita nikawa namsifia. "Bibi, shikamoo, nyie mlikuwa wabunifu kweli." Mama mdogo akadakia kutoka jikoni kabla bibi hajaitikia: "Mwanangu usije ukaenda kuandika huko kwamba tulikuwa wabunifu. Tulikuwa hatuna."

Bibi akacheka, akasema marahaba, akaendelea kuchambua mchele.

Maneno ya mama mdogo yanahitaji historia yake. Anaongelea mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Vita na Uganda 1978 mpaka 1979, mafuta bei juu, fedha za kigeni hakuna. Sabuni foleni, nguo foleni, sukari foleni. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, watu wakaogopa hata kuonekana na bidhaa za akiba. Mpaka 1984 serikali ilipoanza kulegeza, wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuingiza bidhaa. Anasema Idi za miaka ile walipamba sebule kwa minyororo ya karatasi iliyokatwa kwenye magazeti na majarida ya zamani, ikabandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo, na karatasi za fedha za pakiti za sigara wakatengenezea nyota. Majirani Wakristo nao walipamba hivyohivyo Krismasi, tena nyota walikuwa wanaazimana.

Kwa hiyo nakubaliana naye. Tusiupambe umaskini. Mtu aliyelazimika kutumia kopo kwa sababu dukani hakuna kitu hakuwa anafanya sanaa ya mazingira. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini hakuna anayeiomba dhiki ije.

Lakini swali langu linabaki palepale. "Tulikuwa hatuna" inaeleza kwa nini ni kopo. Haielezi kwa nini mwezi na nyota. Kopo lingetobolewa matundu yoyote tu, moshi ungetoka. Yule mtu alikaa chini na msumari, akapima, akapanga, kwa sababu kuna mtu alikuwa anamtengenezea. Hiyo nafasi iliyopo kati ya shida na mwezi na nyota ndiyo ninayoiita historia ya mapenzi. Haina tarehe, lakini ipo.

MKONGE NA PLASTIKI

Sisi watoto wa Tanga tuna jambo jingine la kusema kwenye mjadala huu. Mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Asili ya mmea wenyewe ni Mexico. Kutoka kwenye miche 62 ikaja Tanga yote mnayoijua: reli, mashamba, makambi ya manamba waliotoka mikoa ya mbali, na mchanganyiko wa makabila ambao ndio sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ya kwanza duniani. Babu yangu alikata mkonge. Mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba mpaka anafariki.

Kisha zikaja kamba za plastiki viwandani huko nje. Rahisi, haziozi. Bei ya katani ikaanguka. Mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 wakati bei imeshaanza kuporomoka, na mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama tani 20,000 hivi. Familia ngapi ziliondoka mashambani, mnaweza kujihesabia wenyewe.

Sasa niambieni, mgosi wa Tanga ambaye babu yake alipoteza kazi kwa sababu ya kamba ya plastiki anaponunua moyo wa plastiki wa kutumia siku moja, akautupa tarehe 15, ukasombwa na mvua mpaka baharini... mh! Sisemi ni dhambi. Nasema hadithi hiyo ina ncha mbili, na zote mbili zinatuhusu.

Plastiki yenyewe sasa ndiyo kitu kilichojaa nyumbani, kama vile leso zilivyojaa zamani. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita rambo, kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Lakini chupa, ndala na makopo bado vipo. Kule Lamu fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walitengeneza chombo cha mita 9 kwa plastiki iliyookotwa, ubavu wake wakaupamba kwa vipande vya ndala kama 30,000. Wakakiita Flipflopi. Kilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri kwa tanga kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Fundi yuleyule wa mila ileile ya jahazi, kilichobadilika ni kitu kilichojaa ufukweni.

SASA TUFANYE NINI TAREHE 14

Najua wengine mmeruka yote mmekuja hapa, hehehe. Haya, matatu tu, yote nimeyaona kwa macho yangu na hayali bumu.

Kopo la nuru. Chukua kopo la maziwa au la nyanya, lioshe, ondoa karatasi. Jaza mchanga mbichi ushindilie, ili lisibonyee ukiligonga. Chora unachotaka kwa peni, mwezi, jina, ua, halafu toboa kwa msumari na jiwe kufuata mchoro. Mwaga mchanga. Ndani weka taa ndogo ya betri au tochi ya simu. Mshumaa hosteli tafadhali hapana, vitanda vyetu mnavijua.

Shada la kanga. Omba nyumbani pindo za kanga zilizochoka, ukiweza ile yenye jina, uliache jina lisomeke. Kata utepe wa upana wa vidole viwili, funga mafundo kuzunguka waya wa henga iliyovunjika mpaka ijae. Ning'iniza mlangoni. Mtu atasoma jina atajua mwenyewe.

Chupa ya katani. Chupa yoyote ya kioo, zungushia kamba ya katani kuukuu kwa gundi ya unga, kuanzia chini kwenda juu, bila kuacha nafasi. Weka asumini au hata jani la mrehani. Kama ni mtoto wa Tanga mweleze mwenzio habari ya ile miche 62, mtakuwa na maongezi mpaka saa nne usiku.

Na kwa wale walimu watarajiwa wenzangu tutakaokwenda BTP mwaka huu, sikilizeni. Tutapangwa shule ambazo hazina ramani wala vitabu vya kutosha. Lakini hakuna mtoto wa pwani ambaye kwao hakuna kanga, kopo na kamba. Mwambie kila mmoja aje na kanga moja kuukuu. Kwenye kanga hiyo utafundisha biashara ya Bahari ya Hindi, mkataba wa 1833, pamba ya Marekani, utumwa na mwisho wake, viwanda, mpaka mitumba. Tena utamwambia yule mtoto wa nyuma darasani, anayejiona kwao hakuna historia, kwamba bibi yake ameivaa.

Kuhusu swali la "hii siyo mila yetu", jibu langu ni fupi. Sahani zilitoka China, merikani Massachusetts, neno leso Ureno, mkonge Mexico. Pwani hatujawahi kuuliza kitu kimetoka wapi kabla ya kukipokea. Tumeuliza tutakifanya nini. Siku ya Wapendanao ikibaki kununua na kutupa, itabaki ya wageni hata tukiisherehekea miaka mia. Ukiitia mkono wako, itakuwa ya kwako mwaka huuhuu.

Kabla tarehe 14 haijafika mpigie simu bibi yako, au shangazi, au mama yeyote mzee wa mtaani kwenu. Muulize siku ya harusi yake chumba kilipambwa kwa nini, na nani alipamba. Andika jina la huyo aliyepamba, kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika.

Nawasilisha.